Viatu Juu ya Hita

SEHEMU YA SITA

Kikombe kilianguka, na chai ikatambaa juu ya zulia la Lorraine.

Hapo ndipo tulipomwacha Sesilia wiki iliyopita, na hapo ndipo bado amesimama: nyuma ya kiti cha magurudumu cha Lorraine, bibi ambaye Sesilia ameajiriwa kumtunza, katika fleti ya Kilburn, mkono umebaki hewani kana kwamba bado umeshika kikombe.

Kwenye televisheni Seema alikuwa anaendelea kuzungumza. Ni yule mwanasiasa kijana wa chama cha Conservative, anayetaka chama kimteue agombee ubunge wa upande ule wa London.

“Mama yangu alikuwa anatunza wazee,” alisema Seema. “Alitoka alfajiri, akapanda mabasi mawili. Mimi niliamka kabla yake, nikaweka viatu vyake juu ya hita ili aondoke na miguu yenye joto. Siku moja niliviacha muda mrefu mno, soli ya kiatu cha kushoto ikajikunja. Hakunigombeza. Alivaa hivyo hivyo akaenda kazini.”

Mtangazaji alifuta jicho.

Msomaji, Seema hakuwahi kuweka viatu vya mtu juu ya hita. Baba yake alikuwa daktari wa meno, na mama yake alikuwa na gari lake mwenyewe. Viatu vile vilikuwa vya Sesilia. Aliyeviweka ni Jacqueline, mtoto wake wa pekee, katika nyumba yao ya Edmonton, London hiyo hiyo, tangu akiwa darasa la tatu.

Jacqueline tulimzika Februari mwaka jana.

“Sesilia,” alisema Lorraine. “Zulia langu.”

“Samahani, Lorraine. Nafuta sasa hivi.”

“Acha zulia. Umekuwa mweupe kuliko mimi. Kuna nini?”

Kampuni iliyomwajiri Sesilia ilikuwa na sheria: usimpelekee mteja mambo ya nyumbani kwako. Kwa miaka mitatu Sesilia aliifuata. Lorraine alijua tu kwamba alifiwa na binti, basi.

Siku ile sheria ilimshinda.

“Hayo si maisha yake,” alisema. “Hayo ni ya mwanangu. Huyo msichana alikuwa rafiki yake chuoni.”

Lorraine alibonyeza rimoti, sauti ikakatika. Seema akabaki anachezesha midomo.

“Rudia,” alisema bibi. “Polepole. Na usiache kitu.”

Sesilia alirudia. Jacqueline na Seema walikutana chuo kikuu, kwenye umoja wa wanafunzi wa Conservative. Sesilia alipomuuliza binti yake kwa nini chama kile, kati ya vyama vyote, Jacqueline alicheka. “Mama, wewe hujawahi kumwomba mtu kitu. Hicho ni chama chako, hujui tu.”

Lorraine alitikisa kichwa. “Mimi nilijiunga na vijana wa chama kwa sababu ya dansi. Ndiko nilikompata marehemu mume wangu. Siasa zilikuja baadaye, na hazikuwa nzuri kama dansi.” Kisha akamkazia macho. “Unataka nini, Sesilia? Aaibike?”

“Hapana.”

“Ajitoe?”

“Hapana. Amtaje. Aseme tu jina la Jacqueline, watu walisikie. Mwanangu hana kitu kingine kilichobaki duniani.”

Bibi aliweka rimoti mapajani.

“Jumamosi mchana wanachama tunakutana kuchagua mgombea,” alisema. “Yeye na mwanaume mmoja. Mimi ni mwanachama. Wewe utanisukuma mpaka mbele. Huna ruhusa ya kuuliza swali. Mimi ninayo.”

Sesilia alipiga magoti kufuta chai, na kwa mara ya kwanza tangu Februari ile alihisi ana mtu upande wake.

Lakini alikuwa hajaonana na Tevin.

* * *

Tevin alikuwa Mkenya, mtoto wa nesi, na zamani chuoni alikuwa rafiki wa tatu wa Jacqueline na Seema. Sasa alikuwa mshauri wa Seema. Suti nzuri, simu mbili. Alikubali kuonana na Sesilia kwenye mkahawa wa Kilburn High Road, akachagua meza ya nyuma kabisa, mbali na dirisha.

“Auntie! Umekonda sana. Mbona hukusema unakuja huku, ningekutumia gari?”

“Nimekuja na miguu yangu. Tevin, mwanangu, Seema kamwibia mwenzenu.”

“Hakuiba, Auntie.”

“Wewe uliyasikia yale maneno?”

“Niliyasikia. Mimi ndiye nilimpeleka studio.” Tevin aliweka simu zote mbili kifudifudi mezani. “Auntie, hakuiba. Alipewa. Jacky mwenyewe alimpa.”

Sesilia alimtazama kama mtu aliyeambiwa treni yake imeshaondoka.

“Unanidanganya.”

“Wacha nikueleze vile tulikuwa tunafanya. Tulikuwa kundi moja. Muhula huu tunamsimamisha huyu kuwa mwenyekiti, muhula ujao yule. Na yeyote anayesimama, tunampa hotuba nzuri kuliko zote tuko nazo. Ya nani, hakuna anayeuliza. Tuliwakuta waliotutangulia wakifanya hivyo. Na wao leo wako wapi? Bungeni. Wengine wanahariri magazeti. Kuna mmoja ni balozi. Wote walianzia kwa kile chumba, wakiwa na glasi ya divai mkononi.”

“Mimi nakuuliza habari za Jacky.”

“Nakuja huko. Jacky alisimama wa kwanza. Akasimulia viatu. Auntie, chumba kizima kililia. Watu walimfuata mmoja mmoja, wakamshika bega, wakamwambia pole, wewe ni jasiri. Halafu wakampigia kura jamaa mwingine.”

Sesilia alitazama zile simu mbili.

“Muhula uliofuata ikawa zamu ya Seema. Jacky akampa ile hotuba yote, na viatu vyake, na mabasi yake mawili. Nikamuuliza, wewe una akili kweli? Akaniambia, ‘Tevin, nikisimulia mimi wananionea huruma. Akisimulia Seema wanampigia kura.’”

“Wakampigia?”

“Wakampigia.”

“Na zamu ya Jacky?”

Tevin alikoroga kahawa ambayo hakuwa ametia sukari. “Ilikuwa muhula uliofuata.”

“Ikawaje?”

“Ilisogezwa mbele.”

“Mpaka lini?”

Tevin alikoroga tena. Na Sesilia hakuhitaji jibu, kwa sababu mengine aliyaona kwa macho yake. Seema alitoka chuoni akawa diwani. Jacqueline alitoka chuoni akapata meza katika ofisi ya chama, akawa anaandika hotuba za wenzake. Aliandika mpaka alipolazwa. Hata hospitalini, akiwa na mpira wa dripu mkononi, alikuwa anamsomea Seema sentensi kwenye simu. “Mama, kidogo tu, namalizia,” alikuwa akisema. Sesilia alidhani ni kazi.

“Jumamosi,” alisema Sesilia, “Lorraine, bibi ninayemtunza, atauliza viatu ni vya nani. Wewe utasema ukweli?”

“Nitakuwa pale, Auntie.”

“Sikukuuliza utakuwa wapi.”

Simu moja ikatetemeka juu ya meza. Tevin aliigeuza, akaisoma, akasimama.

“Akipita, ninaingia naye bungeni,” alisema kwa sauti ya chini. “Nimengoja miaka kumi na tano. Nisamehe.”

Akamwachia kahawa yake.

* * *

Kuna jambo Sesilia hakumkumbusha Tevin, wala mtu mwingine.

Wakati wa likizo, wale vijana walikuwa wakija Edmonton. Seema alikuwa hali nyama, kwa hiyo Sesilia alimpikia makande, maharage mengi kuliko mahindi, na Seema akala mpaka akalegeza mkanda. Siku moja aliuliza kama anaweza kuja hata Jacqueline asipokuwepo.

“Unauliza nini sasa?” Sesilia alimwambia. “Wewe ni mwanangu. Hapa ni kwenu.”

Ni maneno tunayoyasema sote. Mama gani wa kwetu hajamwambia hivyo rafiki wa mtoto wake? Unayasema huku unaongeza chakula kwenye sahani.

Lakini aliyasema mara ya pili. Kanisani, Februari ile, Seema alikuja na gauni jeusi, akalia. Sesilia alimshika mkono, akauweka juu ya jeneza pamoja na wake. Padri anasikia, wote tunasikia.

“Sasa wewe ndiye mwanangu niliyebaki naye,” alisema.

* * *

Jumamosi asubuhi Sesilia aliingiza mkono chini ya kitanda, akavuta mfuko wa nailoni.

Mdogo wake, Elinaja, waliyekuwa wakiishi naye, alisimama mlangoni na mswaki mdomoni.

“Dada. Hivyo viatu unaenda navyo wapi? Vina umri wa kupiga kura.”

“Ndiko navipeleka.”

Elinaja alitema povu, akarudi bila kucheka. Aliona vizuri ni viatu gani: vyeusi, soli ya mpira, vya kazi. Cha kushoto kilikuwa kimejikunja mbele, kama ulimi.

“Dada, utaanguka.”

“Niliishi navyo mwaka mzima sikuanguka. Huu ndio ushahidi wangu, Eli. Akikataa, nitainua mguu waone.”

“Waone nini? Kiatu kibovu?”

“Alikisimulia mwenyewe kwenye televisheni, nchi nzima imesikia. Kiatu hiki yeye hana. Ninacho mimi.”

Elinaja alipiga goti, akamfunga kamba, akazivuta kwa nguvu kama anamfungia mtoto wa shule.

“Haya, nenda,” alisema. “Usipige kelele. Ukipiga kelele watakuona mwendawazimu.”

* * *

Ukumbi ulikuwa wa kanisa, na ulijaa. Makoti mazito, mvi, biskuti kwenye sahani za karatasi. Sesilia alimsukuma Lorraine mpaka mbele, akafunga breki, akasimama nyuma ya kiti. Hakuna aliyemtazama. Mtu anayesukuma kiti cha magurudumu haonekani, na siku ile hilo lilimfaa.

Mgombea wa kwanza alivaa tai ya chuo chake, akazungumzia kodi mpaka watu wawili wakasinzia.

Kisha akaja Seema. Hakushika karatasi. Alisimulia mabasi mawili. Alisimulia hita. Alipofika kwenye soli iliyojikunja, Sesilia alikunja vidole ndani ya kiatu.

Sauti ilikuwa ya Seema, lakini pumzi zilikuwa za Jacqueline. Pale alipotua ndipo Jacqueline alipokuwa akitua. Sesilia alifumba macho, na kwa muda mfupi, Mungu amsamehe, alifurahi kumsikia tena.

“Maswali?” aliuliza mwenyekiti.

Lorraine aliinua mkono. Ulikuwa unatetemeka, kwa sababu ya ugonjwa wake, lakini uliinuka.

“Nina miaka themanini na minne,” alisema, “kwa hiyo nitauliza swali moja, nisije nikafa katikati ya la pili.”

Ukumbi ulicheka.

“Hivyo viatu. Vilikuwa vya nani?”

Kicheko kikakatika.

Seema alimtafuta Tevin kwa macho kando ya ukuta. Tevin alikuwa anatazama simu yake.

Sema, Sesilia alimwomba kimoyomoyo. Ni neno moja. Sema Jacqueline.

Macho ya Seema yalipita juu ya kichwa cha Lorraine, yakakutana na ya Sesilia. Hakuwa amejua kwamba yupo; Tevin hakuwa amemwonya. Uso wake ulibadilika, msomaji, na mimi siwezi kuapa kwamba ulikuwa uso wa mtu mwongo. Ulikuwa uso wa mtu aliyechelewa.

Halafu akaweka kipaza sauti mezani, akashuka jukwaani.

Alipita kati ya viti. Watu walivuta miguu kumpisha. Alifika, akamshika Sesilia mikono yote miwili. Yake ilikuwa baridi.

“Vilikuwa vya mama huyu,” alisema.

Ukumbi mzima uligeuka. Sasa Sesilia alionekana.

“Nina mama wawili,” Seema aliwaambia, na machozi yalikuwa yanamtoka, ya kweli. “Mmoja alinizaa. Huyu alinifungulia mlango Edmonton, akanilisha, akaniita mwanangu. Kila nilichowasimulia nilikipata nyumbani kwake. Simtaji kwa sababu hapendi kutajwa.”

“Seema,” alisema Sesilia taratibu. “Mtaje mwenzako.”

Lakini alisema kwa Kiswahili. Hofu ilipomshika, Kiingereza kilimkimbia chote. Wale watu waliona tu mama mzee akinong'ona na binti yake, na mmoja akashika kifua kwa kuguswa.

“Mama,” alisema Seema, neno lile lile alilofundishwa mezani Edmonton. “Waambie. Mimi si mwanao?”

Afanyeje? Akatae? Aliyasema maneno yale mbele ya sahani ya makande, hilo lingesameheka. Lakini aliyasema pia mbele ya jeneza, mkono wa msichana huyu ukiwa chini ya wake. Mtu humkanaje aliyemwita mwanawe juu ya mwili wa mwanawe?

“Ndiyo,” alisema Sesilia, Kiingereza kimemrudia. “Ni mwanangu. Lakini Jacq—”

Makofi.

Watu walisimama. Jina lilizama katikati ya mikono ile. Alilirudia, kwa sauti zaidi, na hata yeye mwenyewe hakulisikia.

Lorraine alikuwa anatafuta leso. “Mjinga wewe,” alimwambia huku akilia. “Mbona hukuniambia kwamba anakupenda hivi? Nilikuwa karibu kumwangusha.”

“Lorraine, sicho nilichotaka.”

“Ulitaka aseme viatu ni vya nani. Kasema. Mbele ya wote. Nipe kalamu.”

Karatasi za kura zilikuwa zimegawiwa. Na hapa, msomaji, nisubiri kidogo.

Mkono wa Lorraine haukuweza kushika kalamu peke yake. Kila siku Sesilia aliushika mkono ule kwenye kijiko, kwenye mswaki, kwenye kifungo cha sweta. Kazi yake ilikuwa kuutuliza, uende unakotaka kwenda wenyewe.

Aliushika. Majina yalikuwa mawili, moja juu ya jingine. Angeweza kuusukuma kidogo tu. Bibi asingejua, macho yake yalikuwa yamejaa maji.

Hakuusukuma.

Alama ikakaa kwenye jina la Seema, imenyooka, safi, na mkono uliotetemeka wakati huo haukuwa wa Lorraine.

* * *

Seema alipita.

Walipomtangaza, watu walimzunguka, wakamshika bega. Hakuna aliyemwambia pole. Sesilia aligeuza kiti cha Lorraine kuelekea mlangoni. Alitaka kufika kituo cha basi kabla mtu hajamsemesha.

“Mama, ngoja!”

Seema alimkimbilia, Tevin nyuma yake.

“Nitakueleza yote,” alisema Seema, akihema. “Naapa. Nitakuja Jumapili, tutakaa wawili, nitakueleza. Jacky alijua. Alitaka hivi. Ila leo, Mama, nivumilie leo tu.”

“Leo ndiyo nilikuwa naitaka,” alisema Sesilia.

Seema aliinamisha uso, na hapo akaona.

Alitazama kiatu cha kushoto, ile soli iliyojikunja kama ulimi, kitu alichokisimulia kwa miaka kumi na mitano bila kukiona hata siku moja.

“Ni vyenyewe?” alinong'ona. “Vipo?”

Kisha akageuka haraka. “Tevin, mpiga picha yuko wapi?”

“Anakunja vifaa vyake nje.”

“Mwite.”

Tevin hakwenda. Kwa mara ya kwanza tangu asubuhi alimtazama Sesilia machoni.

“Auntie,” alisema kwa Kiswahili, haraka, ili Seema asielewe. “Vua. Vua saa hii, hata ukienda miguu mitupu. Mpiga picha akivipiga, hivyo viatu vimeenda; vitakuwa vyake.”

Sesilia aliinama. Lakini Elinaja alikuwa amezifunga kamba kwa nguvu zake zote, mafundo mawili mawili, na vidole vya Sesilia vilikuwa vimekufa ganzi. Alivuta. Fundo likakaza zaidi.

Vidole vingine, vyembamba, vikaja juu ya vyake.

Seema alikuwa amepiga magoti sakafuni mbele yake. Labda alitaka kumzuia. Labda alitaka kumsaidia. Alishika kamba, akainua uso, na mlango ukafunguliwa, na mwanga ukapiga mara moja.

“Usisogee!” alisema mpiga picha kwa furaha. “Picha ya mwaka hii!” Mwanga ukapiga tena.

Binti amepiga magoti. Anamfunga mama yake kamba za viatu.

Pembeni yake alisimama mwanamke wa gazeti, kalamu tayari.

“Jina la mama ni nani?”

“Sesilia,” alijibu Lorraine kwa fahari. “Sesilia wangu.”

“Asante. Na wewe, Seema, ndiye binti yake wa pekee?”

Seema alibaki pale chini, kamba mkononi, akimtazama Sesilia, akingoja yeye ajibu.